Kichaka Nilichokibandika

Ijumaa iliyopita niliukabidhi ufunguo wa chumba cha modeli, nikavua koti lenye madoa ya gundi, nanyi mkanipa saa ya ukutani. Mtu aliyestaafu na saa wapi na wapi, lakini ahsanteni. Mmoja wenu akaniomba niandike machache kuhusu kazi, msije mkaachiwa brashi tu bila maneno. Vyeo sitavitaja, maana havitoshi kujaza hata mstari. Nitaandika mambo mawili matatu ya mikono, na jambo moja ambalo sijapata kuwaambia: jinsi nilivyokaribia kuwafukuza watu kwenye nyumba zao kwa gundi ya ngano na karatasi isiyozidi kiganja changu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Mlango ukibishwa, kabla sijauliza ni nani, nimeshajiuliza nimekosa nini. Mke wangu amecheka mpaka amechoka. Kwa hiyo mkiniona humu ndani natokwa jasho kila ukurasa, msidhani nawaongezea chumvi. Ndivyo nilivyoumbwa.

Nilishuka Voi kutoka milimani miaka michache baada ya uhuru, barua ya mwalimu wangu mfukoni na viatu vya mjomba miguuni. Chumba chetu kilikuwa banda la mabati nyuma ya ofisi ya wapimaji, karibu na reli, na treni ya mizigo ikipita, meza zote zilitetemeka pamoja na moyo wangu. Ndani nilimkuta mtu mfupi wa makamo, kofia imekaa upande, anapaka rangi kibao kidogo kama kiberiti. Huyo ndiye Fundi Shee, mtu wa Pwani aliyehamia mtaa wa Kaloleni pale pale Voi. Zamani alikuwa akipaka mabehewa, chuma akikifanya kionekane mbao ya mvule mpaka abiria wanagonga kwa vidole kuhakikisha.

Alinitazama miguuni kwanza. "Viatu si vyako."

"Si vyangu, fundi."

"Haya. Kaa kitako, ndugu yangu Mtaita. Nifanyie mabati mawili. Moja jipya, jingine la miaka kumi."

Nilichukua vibao viwili. Kimoja nikakipaka rangi nyeupe, cha pili hudhurungi. Nilijitahidi sana, ulimi nje. Fundi Shee akavishika mkononi akavigeuza. "Hii ni karatasi," akasema, "na hii, unisamehe, ni mavi ya ng'ombe. Toka nje ukatazame mapaa. Usirudi mpaka jua limefika utosini."

Nikatoka, nikasimama juani asubuhi nzima kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Ndipo nilipoona. Bati jipya halina rangi yake. Linachukua ya mbingu, na mahali pamoja linang'aa mpaka macho yanauma. Bati kuukuu huanza kutu kwenye misumari na pale mabati yanapopandana, halafu kutu inateremka kufuata maji ya mvua. Niliporudi nikafanya tena, na Fundi Shee akanyamaza. Baadaye nilijifunza kwamba kwake kunyamaza ni sifa.

Kwa wale wageni kabisa, kazi yetu ilikuwa hivi. Serikali ikitaka kujenga barabara au kuvuta maji, wakubwa hawapendi kusoma ramani, wanapenda kuona mlima mezani. Sisi tulikata plaiwudi kufuata mistari ya mwinuko, tukapandanisha vipande, tukajaza ngazi zake kwa plasta na unga wa mbao, tukapiga msasa. Hapo una mlima mweupe, uchi. Halafu unauvalisha. Zinaletwa picha zilizopigwa na ndege kutoka juu. Unailoweka picha, unaichubua mgongo mpaka ibaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu, unaipaka gundi ya ngano, unaibandika juu ya plasta. Ikikauka unapita na rangi, majani ya unga wa mbao, katani iliyokatwakatwa kwa mashamba ya mkonge, na vanishi kwa mito na mabwawa peke yake. Niliwahi kupaka vanishi barabara ya vumbi nikidhani napendezesha, Fundi Shee akaniuliza kama magari yetu yatapita hapo au yataogelea.

Shida ni kwamba picha ni bapa na mlima si bapa. Ndege ikitazama kutoka juu, jabali refu linaonekana upana wa kidole tu. Kwenye modeli jabali hilo hilo linataka karatasi ya kiganja. Ukilazimisha, picha inavutika, mashamba ya mahindi yanakuwa marefu kama suruali iliyoanikwa. Ukilazimisha zaidi, inachanika.

Na palikuwa na sheria moja ya Fundi Shee. Udongo wa kupaka mteremko lazima utoke kwenye mteremko wenyewe. Rafu nzima ilijaa mikebe ya tumbaku: udongo mwekundu wa Voi, wa Mwatate, mweusi wa Bomeni kule Taveta. Mimi niliona ni ushupavu wa uzee. Si udongo ni udongo tu? "Si udongo ninaokutuma," aliniambia siku moja. "Nakutuma ukaone. Udongo ni ushahidi kwamba ulifika."

Mwaka wangu wa tatu ikaja kazi kubwa, modeli ya milima juu ya Mwatate. Ilikuwa itengenezwe barabara, na barabara ilihitaji timbo, mahali pa kupasua mawe kwa baruti. Injinia aliyeisimamia aliitwa Omolo, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye upole wake ulinitisha kuliko kelele za wengine. Tulikuwa na picha kumi na mbili. Fundi Shee akabandika sita za kwanza, kisha akapata habari ya msiba wa dada yake Mombasa, akaondoka. "Zilizobaki ni zako," akasema. "Usiloweke na huku unafikiria mambo mengine."

Basi mimi nililoweka kipande cha saba huku nafikiria mambo mengine. Nilikuwa nafikiria itakuwaje nikikiharibu. Nilifikiria sana, karatasi ikakaa majini kupita kiasi, na nilipoiinua, kona yake, pale penye jabali kali, ikabaki kwenye beseni. Nikaingiza mkono kuiokoa, ikageuka uji vidoleni mwangu.

Mungu wangu! Niliketi sakafuni. Kupata picha nyingine kutoka Nairobi kungechukua wiki tatu, na wakubwa walikuwa wanakuja baada ya siku kumi. Na kulikuwa na kitu kingine. Kabla ya kuiloweka nilikuwa nimeona kwenye kona ile nukta ndogo nyeupe, tatu au nne. Kwenye picha za ndege nukta nyeupe ni jiwe tupu au ni bati. Sikuwa nimetazama kwa kioo. Nikajiambia, ni mawe, jabalini kuna nini kingine?

Dawa yake ilikuwa moja: kwenda, kusimama pale, kuchora kwa mkono kilichopo, na kurudi na mkebe wa udongo. Nilikwenda. Nilipanda basi hadi Mwatate, nikapanda mlima kwa miguu, nikafuata mfereji wa maji mpaka pale unapopinda chini ya jabali. Hapo nikamkuta mzee anakata majani ya mbuzi. Nikamuuliza njia inaendelea wapi. "Inapita penye pango la wazee," akasema. "Wewe ni wa ukoo gani?" Nilipomtajia, akaniangalia tu, akaendelea kukata majani.

Sisi wa milimani mnatujua. Zamani mtu akishazikwa na miaka ikapita, fuvu lake lilifukuliwa likapelekwa kukaa na wenzake pangoni, na kila ukoo una pango lake. Mtu wa ukoo mwingine hapiti pale hivi hivi bila mwenyewe kumtangulia na kumtaja jina. Nyanya yangu alituambia habari ya mtu aliyepita bila kutajwa, akavimba miguu mpaka akafa. Mimi nilikuwa mkristo wa kanisani, naimba sauti ya nne kwenye kwaya, ningemwambia nani kwamba naogopa mafuvu? Mtu wa Nairobi angepita pale anapiga mluzi. Mimi nilisimama kwenye kona ya mfereji, nikatazama juu. Niliona miti tu. Nikachota udongo wa njiani, nikajaza mkebe, nikateremka karibu mbio.

Niliporudi Voi nikachukua pembe iliyozidi ya picha ya kumi, palipokuwa na pori tupu. Nikakata kiraka, nikakizungusha huku na huku mpaka kingo zikakaa vizuri, nikakibandika juu ya jabali. Nikapaka udongo wangu wa uongo. Kilipokauka hata mimi sikuona mshono.

Wakubwa wakaja, wakaizunguka modeli na fimbo. Injinia Omolo akatazama jabali, barabara ilipo, na pori. Akachoma pini nyekundu katikati ya kiraka changu. "Timbo litakuwa hapa," akasema kwa ile sauti yake laini. "Mawe yapo, barabara iko karibu, na hakuna mtu wa kuhamishwa." Wakaandika. Nilifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Ikapangwa modeli ipelekwe kwenye baraza kule kule mlimani, wananchi waione kabla ya kazi kuanza.

Fundi Shee alirudi kutoka Mombasa mchana wa siku moja kabla ya baraza. Aliinamia modeli, akaweka shavu karibu na meza kama kawaida yake, akafumba jicho moja.

"Mwakio."

"Naam, fundi."

"Ndege ilipita saa ngapi?"

"Asubuhi, fundi."

"Jua liko upande wa Voi. Vivuli vya miti vyote vinalalia Taveta. Vitazame. Sasa mbona vichaka hivi hapa vina jua lao peke yao?"

Nikainama. Nilipokuwa nazungusha kiraka kitafute kingo zake, nilikigeuza juu chini. Kila mti modelini ulimwaga kivuli magharibi. Vichaka vyangu vilimwaga mashariki. Kijasho chembamba kikanitoka mpaka kwenye nyusi.

"Ulikwenda?" akaniuliza.

"Nilikwenda."

"Ulifika?"

Nikatazama mkebe wa udongo mezani. Akachukua mkebe wangu, akamwaga udongo kidogo kiganjani, akaunusa, akaurudisha. Nikamweleza yote, hadi zile nukta nyeupe. Nilidhani atanitukana, na ningependa anitukane.

"Astaghafirullahi," akasema polepole. "Mwanangu, Injinia ameshachoma pini. Nenda ukamwambie leo."

"Nenda nami, fundi."

"Siendi. Kama ni kosa la brashi ningekwenda. Hili la miguu ni lako."

Nilikwenda mlangoni kwa Injinia mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili nilisikia anacheka kwenye simu nikaona nisimharibie furaha. Mara ya tatu mlango ulikuwa wazi, yeye yuko peke yake, akauliza, "Ndiyo, Mwakio?" Nikamwambia modeli imeshafungwa vizuri kwenye lori. Akasema asante. Nilirudi nyumbani nikajilaza kitandani bila kula. Nilijua nikisema nimefukuzwa kazi, na ndugu zangu wanne walikuwa wanasoma kwa mikono yangu.

Asubuhi modeli ikawekwa kwenye uwanja wa shule, juu ya madawati. Ninyi mmeona barazani watu wanavyofanya. Hakuna anayetazama barabara, kila mtu anatafuta kwake. "Hii si migomba yangu?" "Ona choo cha kanisa!" Wanacheka, wanavutana mikono. Ilikuwa raha ya kazi yetu hiyo. Siku ile kila kicheko kilinichoma.

Injinia akaeleza barabara, kisha timbo. "Hakuna nyumba itakayoguswa," akasema. Manung'uniko yakaanza nyuma. Mtu akasema, "Bwana, lakini pale kuna watu." Injinia akageuka kwa chifu, naye chifu alikuwa amehamishiwa pale mwezi huo, akatazama viatu vyake.

"Picha ya ndege haidanganyi," Injinia akasema, bado kwa upole. "Ilipigwa kabla ya mradi kutangazwa. Inaonyesha pori. Kama kuna watu leo, basi wameingia juzi kuvizia fidia. Wavamizi serikali haiwajui. Wataondoka."

Nilikuwa nimedhani kiraka changu kinaficha nyumba tu. Kumbe kimewageuza wenyewe kuwa wezi wa ardhi yao.

Wakati huo huo kidole kilikuwa kinatembea kwenye modeli. Kilikuwa cha mama mmoja mnene kidogo, amefunga leso kiunoni, makamo ya mama yangu. Alianzia kanisani, akafuata mfereji, akapinda nao, akapita penye pango bila kusita, maana ni la ukoo wake, akapanda kidogo. Kidole kikafika kwenye pini nyekundu, kikasimama. Akakizungusha pale, akarudi nyuma, akaanza upya kutoka kanisani. Kikafika pale pale.

Akaniinulia macho. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na nadhani alinitambua kwa uso kwamba ni wa milimani. Akaniambia kwa Kidawida, lugha yetu ya milimani, taratibu, "Mwanangu, nyumba yangu ilikuwa hapa asubuhi. Basi mmeshatutoa?"

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli. Nilimwona Fundi Shee ng'ambo ya modeli, ametazama kando makusudi.

"Bwana Injinia," nikasema. Sauti ilitoka juu sana, ya mtoto wa shule. "Pale si picha ya pale. Picha ilichanika. Mimi nilibandika pori la mahali pengine."

Injinia akanijia karibu. "Mwakio, wewe ni mtu wa huku, sivyo?"

"Ndiyo, bwana."

"Na hawa ni watu wako. Nitajuaje kwamba husemi hivi kuwaokoa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata katika wasiwasi wangu wote. Kwamba nitasema kweli na nisiaminiwe! Nikamwomba ainame, aweke jicho usawa wa dawati. Mtu mkubwa vile, na suti yake. Akainama. "Tazama vivuli, bwana. Hii miti yote, na hii, na hii, inalalia Taveta. Sasa tazama penye pini."

Alitazama kwa muda mrefu. Aliponyooka nilimwona shingoni mshipa unapiga.

"Itoe," akasema.

Nikachukua kisu cha gundi, nikang'oa pini kwanza, nikaingiza ncha chini ya kingo. Kiraka kikatoka kizima, kazi nzuri mbaya. Chini ikabaki plasta nyeupe ya kiganja, katikati ya mlima wote wa kijani. Nikamgeukia yule mama. "Mama, nyumba yako iko wapi?"

Akaweka kidole kwenye weupe. "Hapa. Na ya shemeji yangu hapa. Ya mwanangu hapa, na zizi." Jina lake lilikuwa Mama Wakesho, na mumewe alikuwa amezikwa hatua thelathini kutoka mlangoni.

Injinia aliniamuru kupanda pale pale, pamoja na wapimaji wawili. Mama Wakesho akatangulia. Kwenye pango akasimama, akataja jina langu na la baba yangu kwa sauti kwa wale waliomo ndani, akasema nimekuja kwa kazi, kisha akaniashiria nipite. Nikapita nimeshika mkebe wangu kwa mikono miwili. Miguu haikuvimba. Nyuma ya miti niliyoiona kutoka chini palikuwa na uwanja uliofagiliwa, nyumba tatu, zizi, na mibuni mizee kuliko mimi. Wapimaji wakaandika. Nikachota udongo, na ulikuwa mweusi wenye majivu, haukufanana hata kidogo na ule wa njiani.

Timbo likaenda ng'ambo ya bonde, mahali pa mawe matupu. Mimi nilipewa barua ya onyo, kali, na Injinia hakunisemesha mwaka mzima. Lakini sikufukuzwa. Fundi Shee aliikunja barua ile akaniambia niiweke kwenye mkebe pamoja na kiraka, na vimo humo mpaka leo, rafu ya pili, msivitupe.

Wiki mbili baada ya baraza Mama Wakesho alishuka Voi kwa miguu yake kuhakikisha. Nilikuwa nimeshachora uwanja, mibuni, zizi, na nyumba tatu za vibao vidogo. Akainama, akatazama, akakunja uso.

"Hii si yangu."

Roho ikaniruka. "Kwa nini, mama?"

"Mabati yangu ni mapya. Hujaona yanavyong'aa? Nimeezeka mwaka huu. Umenipa bati la mtu maskini."

Fundi Shee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nikachukua brashi ndogo kuliko zote, nikampaka bati jipya mbele ya macho yake, na rangi ya mbingu ndani yake, na ule mng'ao mahali pamoja. Akanyamaza. Halafu akagusa paa lile kwa ncha ya kidole, likiwa bado bichi. Alama yake iko pale.

Naambiwa Nairobi zimeingia mashine zitakazochora mlima kwenye kioo na kuuvalisha picha zenyewe, bila gundi. Huenda zitawafikia. Nazo picha zao zitakuwa bapa, na majabali yatakuwa yale yale, na mtakuwa na haraka. Nendeni mkaone.

Modeli ya Mwatate iko stoo, imefunikwa turubai. Mito yake imekuwa ya njano kwa uzee wa vanishi. Mama Wakesho alishafariki, na bati lake la kweli bila shaka limekwisha kwa kutu, nami sijapata ujasiri wa kwenda kulitazama. Lakini kila Januari nilikuwa naingia stoo peke yangu, nafunua turubai, nalipaka upya lile dogo, nikizunguka alama ya kidole chake. Rangi nimewaachia dirishani, kwenye mkebe wenye kifuniko chekundu, na brashi ni ile ndogo kuliko zote.